Hofu hupanga upya kikapu cha mnunuzi
Somo la miaka ya UVIKO-19 kwa wenye mitaji midogo wa Tukuyu na Rungwe

TUKUYU: Ugonjwa wa mlipuko unapoingia nchini, kauli ya kwanza kusikika sokoni ni kwamba watu hawana hela. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli, na mfanyabiashara anayeishika peke yake anaweza kupoteza mtaji katika wiki chache. Mnunuzi mwenye wasiwasi huendelea kununua. Anachobadili ni orodha ya vitu anavyoviita vya lazima, na fedha huhama kutoka meza moja ya soko kwenda nyingine.

Rungwe ni mahali pazuri pa kujifunza jambo hili. Katika nchi nyingi mwaka 2020 watu walizuiwa majumbani kwa amri, hivyo ni vigumu kujua kama mteja aliacha kununua kwa hofu au kwa sababu polisi walikuwa barabarani. Tanzania haikufunga masoko wala haikuwafungia watu ndani. Muuzaji wa Tukuyu mjini, wa Kiwira au wa gulio la kijijini alikuwa huru kupanga bidhaa zake kila siku. Kilichobadilika kilibadilikia katika kichwa na katika mfuko wa mnunuzi.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025, na homa ya mpox ilithibitishwa nchini Machi 2025. Mfanyabiashara anayesubiri hofu nyingine ifike ndipo aanze kujiuliza la kufanya atakuwa amechelewa.

MATUKIO NA SOKO

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Kesho yake Serikali ilitangaza kufunga shule, na Ligi Kuu ya soka ikasimamishwa. Aprili 11 ndege za abiria za kimataifa zilizuiwa kuingia nchini, na zuio hilo likaondolewa Mei 18. Takwimu za mwisho za mwaka huo kutolewa na Serikali zilionyesha wagonjwa 509 na vifo 21. Mei 11 Zambia ilifunga kwa siku kadhaa mpaka wake wa Nakonde, unaotazamana na Tunduma. Vyuo na kidato cha sita vilirudi Juni 1, ligi ikaendelea Juni 13, na shule zote zikafunguliwa Juni 29.

Kila tarehe katika hizo iligusa meza fulani ya soko. Shule za bweni na vyuo, vikiwemo vyuo vya ualimu vya Tukuyu na Mpuguso, ni wanunuzi wakubwa wa unga, maharage, ndizi na kuni. Zikifungwa, mzabuni hukosa oda ya mamia ya watu kwa siku moja, hata kama watu haohao wanaendelea kula majumbani kwao. Chakula kinaliwa, lakini hakipiti tena dukani kwake. Mpaka wa Nakonde ulipofungwa, malori yalikwama Tunduma, mji ambao wafanyabiashara wengi wa Nyanda za Juu Kusini huutegemea kwa bidhaa na wateja wa kutoka Zambia na Kongo.

Pamoja na hayo yote, bei za jumla nchini hazikulipuka. Mfumuko wa bei wa mwaka 2020 ulikuwa wastani wa asilimia 3.3. Uchumi, uliokuwa umekua kwa asilimia 7.0 mwaka 2019, ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020. Mtu aliyesoma takwimu hizo mbili tu angedhani kwamba soko lilipungua mwendo kidogo na kwamba kila muuzaji aliguswa sawa na mwenzake. Haikuwa hivyo. Ndani ya wastani huo walikuwemo waliouza kuliko wakati wowote na waliofunga vibanda.

WASIWASI UNAVYOFANYA KAZI

Mwaka 2016, miaka minne kabla ya UVIKO-19, watafiti wawili wa masoko wa Marekani, Kristina Durante na Juliano Laran, walichapisha utafiti kuhusu msongo wa mawazo na matumizi ya fedha. Waligundua mambo mawili yanayoonekana kupingana. Mtu mwenye msongo huelekea kubana fedha na kuweka akiba zaidi. Lakini mtu huyohuyo huwa tayari kutoa fedha kwa vitu anavyoviona vya lazima, vile anavyoamini vitamsaidia kuyashika tena maisha yake yanayoonekana kumponyoka mkononi.

Neno la kuzingatia hapo ni "anavyoviona". Ulazima wa kitu hauko ndani ya kitu chenyewe. Sabuni ya mche ni ileile ya jana, lakini jana ilikuwa ya kufulia na leo ni kinga ya nyumba nzima. Suti ya harusi ni ileile, lakini harusi ikiahirishwa suti inakuwa kitambaa cha kusubiri.

Dunia nzima ilionyesha pande hizo mbili kwa wakati mmoja. Machi 2020 wanunuzi wa Australia, Uingereza na Marekani walimaliza karatasi za chooni madukani, ingawa ugonjwa wenyewe ulikuwa wa mapafu. Mwezi uliofuata Wamarekani waliweka akiba zaidi ya asilimia 30 ya kipato chao baada ya kodi, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana katika kumbukumbu zao za miaka ya karibuni. Sehemu ya akiba hiyo ilitokana na fedha za msaada walizopewa na serikali yao na sehemu ilitokana na maduka kufungwa, lakini hofu nayo ilikuwa na fungu lake.

Tanzania yenyewe iliwahi kuona jambo la namna hii kabla ya corona. Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia nchini mwaka 2007, walaji wengi waliikimbia nyama ya ng'ombe na kugeukia kuku na samaki. Hela ya kitoweo haikupotea. Ilihama bucha.

ORODHA YA LAZIMA YA RUNGWE

Mfanyabiashara hawezi kuichukua orodha ya London au ya Dar es Salaam akaitumia Tukuyu. Kila mahali pana orodha yake, na ya Rungwe ina mambo yake ya pekee.

La kwanza ni shamba. Kaya nyingi za Rungwe zina migomba nyuma ya nyumba, na nyingi zina ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili. Kaya kama hiyo ikipata wasiwasi wa fedha, inaweza kupunguza mchele wa Kyela na kurudi kwenye ndizi bila kwenda sokoni. Mbalaga itaiva jikoni kama kawaida na hakuna atakayelala njaa, lakini muuza mchele ataona mteja amepotea. Hili ni tofauti na jiji, ambako mtu hana pa kurudi na lazima anunue kila anachokula. Kwa sababu hiyo, katika wilaya yenye chakula chake, duka la nafaka huumia mapema kuliko duka la chumvi, sabuni, viberiti na mafuta ya taa, vitu ambavyo shamba halivitoi.

La pili ni msiba. Unyakyusa ni mahali ambapo kuzika ni wajibu wa ukoo na majirani, na mchango wa msiba hauhesabiwi kuwa anasa hata siku moja. Familia inaweza kuahirisha kununua godoro, kupaka nyumba rangi na hata kulipa deni la duka, lakini haitaahirisha sanda wala chakula cha waombolezaji. Katika miezi ya ugonjwa, fungu hili la fedha hukaa tayari, na kwa kuwa hukaa tayari, halionekani sokoni.

La tatu ni ada na mahitaji ya shule. Shule zilipofungwa mwaka 2020, wazazi walipumua kwa miezi mitatu. Muuza madaftari, viatu vya shule na matranka aliona soko limekufa, lakini kwa hakika lilikuwa limelala. Siku ilipotangazwa tarehe ya kufungua, mahitaji yote yalirudi kwa mkupuo. Aliyekuwa ameuza stoo yake kwa hasara mwezi Mei alilazimika kununua upya mwezi Juni.

La nne ni mawasiliano. Mtu ambaye hawezi kusafiri kwenda kumwona mama yake hupiga simu. Nauli inapungua na vocha inaongezeka. Benki Kuu nayo, mwezi Mei 2020, ilipandisha kiwango cha miamala ya simu kwa siku kutoka Sh. milioni 3 hadi milioni 5, na salio la siku kutoka Sh. milioni 5 hadi milioni 10, ili watu wasilazimike kushika noti na kupanga foleni benki.

HESABU YA KIKAPU

Mabadiliko haya yanaeleweka vizuri zaidi kwa hesabu. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kaya ya mjini Tukuyu iliyokuwa ikitumia Sh. 20,000 kwa wiki. Mchele, unga na maharage vilichukua Sh. 8,000. Sukari, mafuta, chumvi na sabuni Sh. 4,500. Nyama na samaki Sh. 3,500. Nauli Sh. 2,000, na mchango wa kikundi cha kuweka na kukopa Sh. 2,000.

Sasa hofu imeingia na biashara ya baba imepungua, kaya imebaki na Sh. 16,000. Nafaka inapanda hadi Sh. 8,500 kwa kuwa watoto wako nyumbani na mama anaweka akiba kidogo ya unga. Sukari, mafuta, chumvi na sabuni vinapanda hadi Sh. 5,000, sehemu kubwa ikiwa ni sabuni. Tangawizi na limao, ambavyo havikuwemo kabisa, vinachukua Sh. 1,000. Nyama inashuka hadi Sh. 1,000, nauli inashuka hadi Sh. 500, na kikundi hakipati kitu.

Fedha za kaya zimepungua kwa asilimia 20. Lakini muuza sabuni amepata zaidi ya alichopata wiki zilizopita, mwenye bucha amebaki na chini ya theluthi moja ya mauzo yake, mwenye Hiace amebaki na robo, na muuza tangawizi amepata mteja mpya kutoka hewani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepungukiwa na asilimia 20. Ndiyo maana wastani wa nchi haumsaidii sana mtu anayepanga bidhaa za Jumamosi.

Tena itazamwe safu ya mwisho. Mchango wa kikundi ndio ulioanguka wote. Kikundi ndicho mtaji wa wengi wa Rungwe, na wanachama kumi wakiacha kuchanga kwa wiki sita, mtu wa kumi na moja aliyetarajia mkopo wa kununua mbolea hataupata. Hofu ya leo jikoni hugeuka kuwa uhaba wa mtaji shambani miezi mitatu baadaye.

TANGAWIZI, LIMAO NA NDOO ZA KOKI

Mwaka 2020, na tena mapema mwaka 2021, Watanzania wengi waligeukia tiba za nyumbani. Kujifukiza kwa nyungu kulihimizwa na viongozi wa juu, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilitengeneza dawa ya NIMRCAF yenye tangawizi, kitunguu swaumu, limao, kitunguu na pilipili. Februari 2021 Wizara ya Afya ilionyesha hadharani namna ya kusaga kinywaji cha tangawizi, vitunguu na malimao. Vitu ambavyo kwa miaka vilikaa pembeni mwa meza ya viungo vilihamia mbele, na bei zake zikapanda katika masoko mengi nchini.

Rungwe ilikuwa na bahati mbili. Majani ya mkaratusi na mchaichai ya kufukizia yanapatikana bure au karibu na bure, hivyo sehemu ya hofu ilitulizwa bila kutoa shilingi. Na mafundi wa mjini, wa cherehani na wa kuchomelea, walipata kazi ya barakoa za kitambaa na vyuma vya kuwekea ndoo za koki za kunawia mikono. Mtu mwenye ujuzi na malighafi ya bei ndogo aliingia katika soko la hofu na kutoka akiwa salama, kwa kuwa hakuweka mtaji mkubwa katika bidhaa ya kuoza.

Aliyekuwa hatarini ni mchuuzi aliyeingia akiwa amechelewa. Tangawizi nyingi ya nchini hutoka mbali na Rungwe, hasa Same mkoani Kilimanjaro na Madaba mkoani Ruvuma. Habari ya bei nzuri inapomfikia mchuuzi wa Tukuyu, imeshawafikia wakulima na madalali wote wa njiani.

Hesabu ya mfano itaonyesha hatari hiyo. Mchuuzi mwenye mtaji wa Sh. 600,000 ananunua magunia matatu kwa Sh. 200,000 kila moja, bei ikiwa kileleni. Siku kumi baadaye mizigo mipya imejaa, hofu imetulia kidogo, tangawizi imeanza kunyauka, na gunia linauzwa Sh. 90,000. Anapata Sh. 270,000. Amepoteza Sh. 330,000. Akirudi kwenye biashara yake ya zamani ya ndizi na kupata faida ya asilimia 10 kwa kila safari, bila kula hata senti moja ya faida hiyo, atahitaji safari tisa kurudi pale alipoanzia. Tena mtu mwenye watoto hawezi kukaa safari tisa bila kula faida.

Dalili za kilele cha hofu hujulikana. Bidhaa inazungumzwa redioni na vijiweni kuliko inavyoliwa. Wauzaji wapya, wasiowahi kuigusa bidhaa hiyo, wanaongezeka kila gulio. Mnunuzi anachukua nyingi kuliko anavyoweza kutumia. Dalili hizo tatu zikikutana, aliye na mzigo auze na asiye nao asinunue.

Sukari ilitoa somo lililo karibu na hilo. Aprili 2020 ilipoadimika na bei kuruka, Wizara ya Kilimo ilitangaza bei elekezi kwa kila mkoa. Mwenye duka aliyeficha mifuko akisubiri bei ipande zaidi aliwakaribisha maofisa wa biashara mlangoni, na aliwaudhi majirani ambao wangeendelea kununua kwake hofu ikiisha. Mteja wa mji mdogo hukumbuka.

KILICHOAHIRISHWA NA KILICHOFUTWA

Si kila mauzo yanayopotea hupotea kwa namna moja. Mauzo ya viatu vya shule yaliahirishwa. Mauzo ya nauli yalifutwa, kwa kuwa safari ambayo haikufanyika mwezi Aprili haifanywi mara mbili mwezi Julai. Mauzo ya chakula cha mama ntilie karibu na chuo yalifutwa vilevile: mwanafunzi hali milo ya miezi mitatu kwa siku moja.

Mabanda ya kuonyesha mpira na vibanda vya kubahatisha matokeo vilipata pigo la pekee. Kuanzia katikati ya Machi 2020 hakukuwa na ligi kubwa inayochezwa. Ligi ya Ujerumani ilirudi Mei 16, ya Uingereza Juni 17. Kwa miezi miwili kijana aliyekuwa akiweka Sh. 1,000 kwenye mkeka alibaki nayo mfukoni. Lakini wasiwasi wa mtu asiye na kazi humvuta pia kuelekea matumaini ya haraka, na ligi ziliporudi, mkeka ulirudi nazo. Kwa mwenye duka jirani, shilingi elfu moja ya mkeka ni mshindani kama alivyo mshindani muuza soda.

Kwa mtu mwenye mtaji mdogo, tofauti ya kuahirishwa na kufutwa ni tofauti ya kuvumilia na kubadili kazi. Bidhaa isiyooza ambayo mauzo yake yameahirishwa inaweza kusubiri stoo. Huduma ambayo mauzo yake yamefutwa hailipwi tena, na mwenye nayo anapaswa kutafuta kipato kingine mapema, kabla hajakopa kula.

MNUNUZI WA MBALI

Sehemu ya soko la Rungwe haiko Rungwe. Ndizi za Kiwira na viazi mviringo vya Isongole hupanda magari kwenda Mbeya, Dar es Salaam na kwingineko. Chai huishia katika mnada wa Mombasa, na tangu Novemba 2023 pia katika mnada wa Dar es Salaam. Parachichi aina ya Hass husafiri katika makontena ya baridi hadi Ulaya. Hofu ya mnunuzi wa mbali humfikia mkulima wa Katumba au Kyimbila ikiwa imepita mikono mingi.

Chai inatoa onyo kwa wanaodhani kila bei inafuata hofu. Chai ni kinywaji cha nyumbani, na mtu wa Ulaya aliyefungiwa ndani hakuacha kuchemsha maji. Hata hivyo bei ya Mombasa ilibaki chini. Sababu kubwa ilikuwa mvua. Kenya ilizalisha zaidi ya kilo milioni 560 za chai mwaka 2020, kiwango cha juu kuliko miaka iliyotangulia, na mzigo ulizidi wanunuzi. Mkulima aliyetazama habari za corona peke yake asingeelewa kwa nini jani lake halipandi bei.

Viazi na ndizi vina hatari ya usafiri. Bidhaa inayooza haingoji mpaka ufunguliwe wala lori lipatikane. Mwenye viazi vilivyo bado ardhini alikuwa na siku za kungoja. Mwenye viazi vilivyokwisha kufungwa lumbesa kando ya barabara hakuwa nazo, na dalali alilijua hilo. Katika msimu wa wasiwasi, nguvu ya kujadili bei humwendea asiye na haraka.

Hofu ya ugonjwa ilipopungua, ilifuata hofu ya bei. Mafuta ya kula, mbolea na mafuta ya magari vilipanda mwaka 2021 na zaidi mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza. Agosti 8, 2022, katika viwanja vya Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea. Kaya iliyokuwa imejifunza kubana mwaka 2020 iliendelea kubana. Mazoea ya wasiwasi hudumu kuliko wasiwasi wenyewe, na mnunuzi aliyezoea mafuta ya kupima harudi kwenye dumu la lita tano kwa sababu tu bei imetulia mwezi mmoja.

FEDHA ILIKOTOKEA

Wakati kaya zinabana, kuna mnunuzi mwingine aliyefungua mkoba: Serikali. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567, takriban Sh. trilioni 1.3, kwa ajili ya kupambana na UVIKO-19 na athari zake. Sehemu kubwa inayokumbukwa ni ujenzi wa madarasa 15,000 nchi nzima, uliofanywa kwa miezi michache kuelekea mwaka mpya wa masomo wa 2022. Madarasa yanahitaji saruji, bati, nondo, mbao, kokoto, mafundi na chakula cha mafundi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyekuwa akisubiri wateja wa nyumba binafsi alipaswa kuwa anasoma matangazo ya halmashauri.

Mwaka huohuo ulionyesha pia kwamba wasiwasi unaweza kuletwa na tozo. Julai 15, 2021 tozo mpya za miamala ya simu zilianza, kati ya Sh. 10 na Sh. 10,000 kwa muamala. Malalamiko yalikuwa makubwa na Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha zikaendelea kupunguzwa hadi tozo ya kutuma fedha ilipofutwa katika bajeti ya 2023/24. Mteja aliyekuwa amehamia kwenye simu kwa hofu ya ugonjwa alikuwa na sababu ya kurudi kwenye noti kwa hofu ya makato.

WENYE HISA NA AKIBA

Mwekezaji mdogo naye ni mnunuzi, na wasiwasi humtendea yaleyale. Kati ya Februari 19 na Machi 23, 2020, kipimo cha hisa za makampuni 500 makubwa ya Marekani kilianguka kwa asilimia 34 hivi. Kufikia Agosti mwaka huohuo kilikuwa kimerudi pale kilipoanzia. Aliyeuza Machi kwa hofu aliigeuza hasara ya karatasi kuwa hasara ya kweli.

Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, Swissport, kampuni inayohudumia ndege na mizigo viwanja vya ndege, iliguswa moja kwa moja ndege ziliposimama. Hisa za benki ya CRDB, kwa upande mwingine, hazikufika Sh. 250 katika mwaka 2020, lakini zilimaliza mwaka 2023 zikiwa juu ya Sh. 400, mbali na gawio. Haina maana kwamba kila hisa itafanya hivyo. Maana yake ni kwamba swali la kuuliza wakati wa hofu ni lilelile la sokoni: je, mapato ya kampuni hii yamefutwa, yameahirishwa, au yamehamia kwingine?

Na fedha ya kununulia hisa isiwe fedha ya ada. Anayelazimika kuuza ili alipe karo huuza siku mbaya, kama mwenye viazi kando ya barabara.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa mfanyabiashara wa Rungwe, mambo haya yanafaa kuwekwa tayari kabla ya habari mbaya nyingine.

1. Andika mauzo kwa bidhaa, si kwa jumla ya siku. Jumla huficha kuhama kwa fedha.

2. Gawa bidhaa katika mafungu matatu: zinazohitajika zaidi hofu ikiingia, zinazoweza kungoja, na zisizorudi. Usiweke zaidi ya theluthi moja ya mtaji katika fungu la tatu.

3. Pima vidogo. Mteja mwenye wasiwasi hununua kidogo mara nyingi. Sabuni ya kipande na sukari ya robo kilo hutoka wakati katoni imekaa.

4. Usifuate bei iliyokwisha kupanda kwa bidhaa inayooza. Kama hukuwamo wakati bei iko chini, acha ipite.

5. Usivunje kikundi. Punguzeni mchango badala ya kuusimamisha, kwa kuwa shilingi 500 ya kila mwanachama hulinda mkopo wa msimu ujao.

6. Kopesha kwa daftari na kwa kikomo. Mteja mwema aliyekwama atalipa. Deni lisilo na kikomo humkwamisha mwenye duka pamoja naye.

7. Mpe mteja habari ya kweli. Muuzaji anayedai tangawizi inaponya kila kitu atauza wiki mbili. Anayesema ni kinywaji kizuri, na kwamba mgonjwa aende hospitali ya Makandana au Igogwe, atauza miaka.

Hofu ijayo inaweza kutokana na ugonjwa, mafuriko, bei au siasa za nchi jirani. Mnunuzi wa Rungwe ataingia sokoni akiwa na orodha mpya mkononi. Bidhaa zitakazotoka haraka ni zile zilizomo katika orodha hiyo, na mwenye mtaji mdogo atakuwa salama zaidi akiisoma kabla hajafungua pochi yake mwenyewe.